Maji ya chumvi ya majaruba tuyapeleke kwenye mafunjo ya Mto Mara?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga kando ya Mto Mara, upande wa Butiama. Huu msimu wa tatu majaruba yetu ya mwisho yanatoa ukoga mweupe na mpunga unakuwa wa njano. Mwenzetu mmoja ametuambia kwamba Marekani na Meksiko walichimba mtaro wa kutoa maji ya chumvi mashambani, na yalikoishia pakaota ardhi oevu kubwa yenye ndege wengi. Nasi tunataka kuchimba mtaro hadi kwenye mafunjo. Je, tutakuwa tumeponya shamba na kuhuisha mafunjo kwa mara moja?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msichimbe kwanza. Mwenzenu amesema kweli, ila kisa hicho kina sehemu ambayo hakuwafikishia.

Mto huo ni Colorado. Mkataba wa 1944 uliipa Meksiko mita za ujazo bilioni 1.85 kila mwaka, lakini haukusema maji hayo yawe na chumvi kiasi gani. Mwaka 1961 skimu ya umwagiliaji ya Wellton-Mohawk huko Arizona, Marekani, ikaanza kusukuma mtoni, kwa pampu, maji ya chini ya ardhi yenye chumvi ya miligramu zipatazo 6,000 kwa lita. Maji yaliyokuwa yakifika Meksiko na miligramu kama 800 yakakaribia 1,500, na mazao ya Bonde la Mexicali yakaungua. Idadi ya mita za ujazo ilitimia vilevile, na mkulima akakosa mavuno. Suluhu ya kudumu ilipatikana tarehe 30 Agosti 1973: chumvi ya maji yanayopelekwa Meksiko, juu ya Bwawa la Morelos lililo mpakani, isizidi ile ya Bwawa la Imperial, lililo juu zaidi mtoni, kwa zaidi ya miligramu 115 kwa lita, wastani wa mwaka, na nafasi ya 30 juu au chini.

Ili kutimiza hilo, mwaka 1977 ukakamilika mtaro wa kuyapitisha kando maji machafu ya Wellton-Mohawk hadi kwenye tambarare tupu karibu na Ghuba ya California. Hapo ndipo ilipoota Ciénega de Santa Clara, maelfu ya hekta za majani na ndege adimu. Hakuna aliyeipanga. Marekani walikuwa wanajenga mtambo wa kuchuja chumvi ya maji hayohayo pale Yuma, Arizona, ukakamilika 1992, na kama ungefanya kazi kila siku, maji ya mtaro yangepungua na chumvi yake ingezidi. Walipoujaribu mwaka 2010 na 2011, ilibidi Marekani, Meksiko na mashirika ya mazingira watafute pamoja maji ya kufidia, takriban mita za ujazo milioni 37, ili ardhi oevu isikauke. Mimi hapo ndipo ninapoumia kila nikikisoma kisa hiki: ndege wote wale wanaishi kwa maji ambayo kwenye vitabu vya skimu ni taka.

Sasa turudi kwenu. Ciénega iliota mahali pakavu, kwa mimea inayovumilia chumvi. Mafunjo ya Mara yapo tayari, na ni mmea wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mkiyamwagia chumvi hamyahuishi, mnayadhoofisha. Tena maji ya Ciénega yako mwisho wa safari. Ya kwenu yanaendelea hadi ziwani, na ziwa hilo ni la nchi tatu, watu wanachota, wanavua, wanapikia. Isitoshe, mtaro wa mpunga haubebi chumvi peke yake. Unabeba mbolea na dawa za wadudu, na mbolea ndiyo chakula cha magugumaji tunayohangaika nayo huku Mwanza.

Kabla ya yote, hakikisheni kama ni chumvi kweli au ni magadi, maana dawa zake ni tofauti. Chukua udongo wa jaruba lililoharibika, kijiko kimoja, utie kwenye glasi ya maji ya mvua, utikise kidogo, uache usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa bado na tope, shuku magadi. Yakiwa safi juu ya udongo uliotulia, shuku chumvi ya kawaida. Kisha pelekeni sampuli maabara ya udongo ithibitishe. Chumvi huoshwa kwa maji. Magadi hayaoshwi kwa maji matupu, udongo unaziba na maji yanatuama juu. Yanahitaji jasi kwanza, na samadi husaidia.

Na hiyo chumvi inatoka wapi, wakati mto ni mtamu? Fanya hesabu na wanakikundi. Tuseme maji ya banio, pale mnapoyachepusha kutoka mtoni, yana chumvi ya miligramu 200 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hausikii. Hizo ni gramu 200 kwa kila mita ya ujazo. Hekta moja ikinywa mita za ujazo 10,000 kwa msimu, mmeiingizia tani mbili za chumvi. Mpunga hunywa maji na jua huyakausha, chumvi inabaki. Majaruba ya mwisho ndiyo yanayougua kwa sababu yanapokea masalia ya wote walio juu, na nadhani hayana pa kutolea. Nimeona skimu zilizochimba mfereji mzuri wa kuingiza maji, na wa kutoa zikasahau.

Kwa hiyo mtaro mnauhitaji, ila uishie kwenye bwawa la kina kifupi ndani ya ardhi yenu, nje ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda kandokando ya mto na ziwa. Osheni majaruba wakati wa masika, mvua ikiwa nyingi na mto umejaa. Na kama kuna maji yatakayotoka bwawani kwenda mtoni, ombeni kibali cha kutiririsha maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Mto Mara unatoka Mau nchini Kenya, kwa hiyo sisi ndio tuliokaa kama Meksiko. Tukitaka kuwauliza walio juu ubora wa maji yao, lazima tuwe na vipimo vyetu. Nunueni kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi, mpime kila wiki mahali patatu: kwenye banio, kwenye jaruba la mwisho, na kwenye mtaro wa kutolea. Andikeni tarehe na namba kwenye daftari la kikundi. Jaruba likizidi desisiemensi 3 kwa mita, kizio cha kupimia chumvi, kwenye kipimo cha maabara cha udongo, mpunga umeanza kupoteza mavuno. Mkipata miezi mitatu ya namba hizo, nitumieni, tukokotoe pamoja bwawa liwe na ukubwa gani.