Geji za zamani haziwaki tena gizani: je, bado zina mionzi?

SWALI

Fundi, salamu kutoka Jinja. Baba mkubwa alituachia jeep ya kijeshi aina ya Willys ya mwaka 1944 aliyoinunua zamani mnadani, na mimi ninaifufua polepole. Nimeng'oa dashibodi yote na geji zake tano. Namba zake zimegeuka kahawia, na usiku haziwaki hata kidogo. Jumamosi nilifungua kioo cha mita ya spidi nikaanza kuzikwangua kwa wembe ili nipake rangi mpya. Rafiki yangu akanizuia, akasema rangi ile ina mionzi. Nilimjibu kwamba kama haiwaki, basi nguvu imeisha. Nani yuko sahihi? Dashibodi iko chini ya kitanda, kwenye chumba wanacholala watoto. Halafu kuna kijana wa vyuma chakavu anazitaka geji mbovu. Na jambo la mwisho: kabla sijaing'oa, mshale wa petroli ulikuwa haupandi hata nikijaza tanki.

JIBU

Weka wembe chini, ndugu yangu. Rafiki yako yuko sahihi, na nitakueleza sababu. Lakini kwanza hao watoto walale chumba kingine leo, mpaka umalize usafi ninaoueleza hapa chini.

Magari mengi ya kijeshi ya enzi ya Vita vya Pili vya Dunia yalipakwa rangi ya radiamu kwenye namba na mishale ya geji, ili dereva asome bila kuwasha taa. Rangi hiyo ina vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Radiamu hurusha mionzi, na unga wa salfaidi ya zinki huugeuza mpigo wa mionzi hiyo kuwa mwanga wa kijani. Unga ukipigwa hivyo usiku na mchana kwa miaka mingi, huharibika, na mwanga hufifia mpaka ukatoweka. Kilichokufa kwenye geji zako ni huo unga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo zaidi ya asilimia 96 ya ile iliyopakwa mwaka 1944 bado ipo. Kwenye mikrokuri moja tu ya radiamu (kipimo kidogo cha mionzi), atomi 37,000 huvunjika kila sekunde, iwe namba inawaka au imezimika.

Si kila geji ya zamani ina radiamu. Kuanzia miaka ya 1960 iliachwa, zikatumika tritiamu na promethiamu ambazo hufifia mapema zaidi. Ila kwa gari la 1944 lenye namba za kahawia, ichukulie kuwa ipo mpaka ipimwe kwa kifaa cha Geiger. Programu za simu zinazodai kupima mionzi usizitegemee kwa kazi hii.

Sasa hatari yenyewe. Mionzi mingi ya radiamu ni ya alfa, na hiyo huzuiwa hata na karatasi au ngozi. Kuna pia gama, ambayo hupita kwenye kioo na bati, ila umbali unaipunguza haraka: ukisogea mara mbili, unabaki na robo yake. Ndiyo maana geji nzima, yenye kioo kisicho na ufa, ikiwa mbele ya dereva, si jambo la kukutoa jasho. Hatari kubwa ni vumbi. Ukilivuta au ukilimeza, mwili huidhania radiamu kuwa kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, na huko hakuna ngozi ya kuzuia alfa.

Hili lililipiwa kwa maisha ya watu. Huko Orange, New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hii kwenye nyuso za saa, na walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua: meno yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza, na baadhi yao wakafa. Kesi ya watano kati yao ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1928. Kila ninaposikia fundi amepuliza brashi au amelamba kidole akisafisha geji, nawakumbuka wasichana wale. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanagenzi, karakana iliyonifundisha tulipuliza vumbi la geji kuukuu kwa hewa ya kompresa, na mchana tukala kikomando (chapati na maharage) juu ya benchi hilo hilo. Hakuna aliyetuambia. Wewe umeambiwa, kwa hiyo fuata haya.

Mahali ulipokwangulia usifagie, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, maana itafyonza na kulitawanya hewani. Zima feni. Vaa glavu za mpira na barakoa ya N95, lowesha karatasi laini kwa maji yenye sabuni kidogo, pangusa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kunja karatasi upande mchafu ukiwa ndani, kisha itie kwenye mfuko wa plastiki. Chukua karatasi mpya, endelea. Wembe, glavu, na shati ulilovaa Jumamosi kama hujalifua, vyote viingie humo. Ile mita uliyoifungua irudishie kioo chake bila kuisugua, ifunge kwenye mifuko miwili, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko. Andika juu yake kwa herufi kubwa: MIONZI, USIFUNGUE. Nawa mikono na kucha kwa sabuni. Usile wala kuvuta sigara hapo. Ukienda kwa daktari, usiseme tu kwamba umevuta vumbi. Mwambie ni vumbi la radiamu.

Vitu vyote hivi viwekwe nje ya nyumba ya kulala, kwenye stoo inayopitisha hewa na yenye kufuli. Radiamu huzaa gesi ya radoni, ambayo hupungua nusu kila siku 3.8 hivi lakini inazaliwa upya muda wote, na mahali palipozibwa hujikusanya. Kabati la nguo au chini ya kitanda hapafai hata kwa geji ambayo haijafunguliwa.

Kisha wasiliana na Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ndilo lenye kazi ya kusimamia vyanzo vya mionzi hapa Uganda. Waeleze una geji ngapi, ipi imefunguliwa, ulikwangulia wapi na mzigo uko wapi. Ombi lako liwe kupimiwa chumba na geji, na kuelekezwa zipi unaweza kubaki nazo na zipi zichukuliwe. Usizitume kwa basi wala kwa bodaboda kabla hujapewa maelekezo.

Kijana wa vyuma chakavu mkatalie, hata akiongeza bei. Wewe unajua aluminiamu chakavu inakoishia: Katwe kule Kampala, kwenye tanuru, na kesho ni sufuria. Radiamu haiungui. Geji ikitupwa motoni, sehemu itabaki kwenye majivu na takataka za tanuru, nyingine itapaa na moshi, na vijana wanaoyeyusha pale hawavai hata barakoa.

Kazi nyingine ya dashibodi haina balaa. Toa geji zote kwanza zikiwa zimefungwa, ndipo upige msasa na rangi bati tupu; usipige msasa geji zikiwa bado ndani. Geji ya joto la maji kwenye Willys ina kijibomba chembamba kinachotoka nyuma yake hadi kwenye injini, na huwezi kukitenganisha na geji. Usikikate wala kukikunja kwa ghafla, kwani kikivuja, geji imekwisha. Ya presha ya oili nayo hupokea oili yenyewe kwa mpira au bomba, kwa hiyo weka kitambaa chini unapolegeza nati. Vioo vipangusie kwa nje tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ikiwa unataka namba zinazowaka usiku, nunua geji mpya za kuiga zisizo na mionzi, zilizopakwa rangi ya kisasa inayojazwa na mwanga wa jua. Mimi ningefanya hivyo kwa mita ya spidi uliyokwishaifungua, na nisingejaribu kuiokoa.

Mshale wa petroli hauhitaji kufungua geji hata kidogo. Ukirudisha waya, chomoa ule mmoja ulioko juu ya tanki, washa swichi, kisha uguse kwenye chuma kisafi cha bodi kwa sekunde moja. Mshale ukihama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, geji ni nzima na ubovu uko kwenye kipimio cha ndani ya tanki au arthi yake, yaani mguso wake na chuma cha bodi. Kwa gari lililopakwa rangi mara nyingi, anza na arthi: kwangua rangi pale tanki linapofungwa kwa bolti mpaka uone chuma. Hapo wembe unaruhusiwa, ila nunua mpya.