Nguvu na stara: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Wa alaykumu salaam. Umeniuliza kama ile Subaru Legacy B4 anayouza mwenzio wa kazini, ya lita 2.0 yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, haitakumaliza kwa petroli. Itakunywa, na kwenye foleni ya Nairobi itakunywa hata ikiwa imesimama. Hilo nimelimaliza. Ninalotaka kujua mimi ni jingine: mkeo ataiendesha, au litakuwa gari lako peke yako?

Nauliza kwa sababu ya ile Toyota Mark II yetu ya zamani. Nyinyi mnaikumbuka kwa weupe wake na baridi ya AC. Majirani wote wa Tudor, hapa Mombasa, waliiona gari la mzee wa kwenda msikitini. Kumbe chini ya boneti mna sirinda sita, lita 2.5 na tabo. Wajapani waliiandikia nguvu za farasi 280, maana tangu 1989 makampuni yao yalikuwa yamekubaliana yasitangaze zaidi ya hapo. Haikuwa hata na ile pua ya kuvuta hewa juu ya boneti kama hiyo Legacy. Gari zuri ni lile lenye nguvu na stara pamoja. Nimelisema miaka yote, na leo nalisema tena.

Ile safari ya harusi ya Voi, babako mkono umefungwa bendeji, usukani nikashika mimi. Nyuma yupo Bi wako, shangazi yako na nyinyi wawili. Buti limejaa sufuria za biriani. Tulipopita Miritini tukaanza kupanda kwenda Mazeras, mbele yetu lori la kontena linatambaa. Nyuma kuna kijana na jigari lake refu, honi haziishi, taa anatumulikia, kana kwamba sisi ndio tulioziba mlima. Njia ilipofunguka nikakanyaga. Likasita kidogo, kwani tabo husubiri moshi wa injini uizungushe kwanza ndipo isukume hewa ndani. Kisha likachukua! Mgongo ukanibana kitini. Bi wako akashika mlango, akauliza, "Nani anatusukuma?" Kijana wa honi nikamwona kwenye kioo, amekuwa kama kisoda. Babako hakutamka neno mpaka Mariakani.

Siku ile ndiyo niliyolijua lile gari. Na nadhani ndiyo siku yeye alipoanza kutaka kuliuza. Nilikwenda Lamu kwa Maulidi. Kurudi, naambiwa limeshakwenda, ati nguvu zake zilikuwa zimezidi kwa gari la nyumbani. Ada ya dadako ilikuwa inadaiwa, kweli, na ada ni ada. Lakini mwenye kuliendesha kila siku nilikuwa mimi, na sikuulizwa. Aliyelinunua akalitia bawa nyuma na ekzosi ya kunguruma. Nilikutana nalo Mwembe Tayari nikageuza uso. Stara yote wameivua.

Kwa hivyo nakuuliza habari za mkeo. Akiwa ataiendesha, mkae naye mlizungumze kabla hujatoa hata shilingi.

Habari za Arizona ulizoniandikia nazijua: Legacy za tabo mwaka 1989 zilikwenda kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Lakini zile zilikuwa mpya, na mafundi wakizingoja pembeni. Hii ya mwenzio ni ya mtu aliyekuwa akiwahi kazini. Tabo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoilinda ni oili. Muulize risiti za oili. Akikujibu kwa maneno matupu, ondoka. Na mtafute fundi wako mwenyewe, asiwe wa kuletewa na muuzaji.

Una watoto wadogo, najua. Mjini mwendo ni 50, na nguvu zote hizo utazipeleka wapi? Ndivyo ninavyojiambia. Kisha nakumbuka kuwa nami nilikuwa na watoto wadogo nyuma, na tulilipita lile lori haraka, tukarudi upande wetu kabla ya gari lolote kutokea mbele. Gari dhaifu lingetuning'iniza pale ubavuni mwa kontena. Basi nguvu nazo ni salama? Kwa dereva mtulivu, ndiyo. Wewe mtulivu? Mkeo ni mtulivu kukushinda.

Sikwambii nunua, wala sikwambii acha. Mambo ya nyumba yako siyaingilii. Ila likiwa na risiti zake, na halijatiwa mabawa, na mkeo ameridhia, usimwache mwingine akakuwahi.

Mamako