Kuhamia Makutupora ili kuwa karibu na mchumba aliyepo mafunzoni JKT: niliyoyapitia mwenyewe

Mdogo wangu wa Singida, umeeleza kwamba mchumba wako amepokewa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Makutupora, kwa mkataba wa kujitolea wa miaka miwili, na kwamba unafikiria kuuza cherehani yako uje kupanga chumba Dodoma ili uwe karibu naye wakati wa mafunzo. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu mimi nilihama kutoka Mpwapwa kwa sababu hiyohiyo na nikaishi Makutupora miezi 14. Jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba cherehani usiiuze.

Niliondoka nyumbani wiki ya pili tangu mchumba wangu aingie kambini. Chumba nilikipata kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama haki yake, kwa hiyo kabla sijanunua hata ndoo ya maji nilikuwa nimeshatoa 210,000. Nilijipa moyo kwamba lango la kambi lilikuwa mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Sikuwa nimeelewa kwamba katika miezi ya mwanzo kuruta ni mtu wa kambi tu: alfajiri yupo kwenye mchakamchaka, mchana yupo kwenye kwata, darasani au shambani, simu hana, na hatoki nje bila ruhusa. Aliyepanga chumba jirani na lango na aliyebaki Mwanza wote wanaisubiri siku ileile ambayo ndugu wataruhusiwa kuja. Katika miezi minne hivi ya mafunzo ya awali nilikaa na kuzungumza naye mara mbili, na mama yake, aliyekuwa akija kwa basi kutoka Mpwapwa na kurudi, alimwona mara hizohizo mbili.

Kuna asubuhi moja ambayo ningependa uifahamu kabla hujaamua. Nilisikia nyimbo za mchakamchaka kwa mbali, nikatoka mbio hadi kando ya barabara, nikasimama nikiwa na hakika kwamba nitamtambua. Walipita vijana wengi, vichwa vimenyolewa, fulana za rangi moja, vumbi limewafunika hadi magotini, nami nikashindwa kumtofautisha na wenzake. Yeye aliniona. Hakuweza kugeuza shingo wala kuonyesha ishara yoyote, na baadaye alinieleza kwamba siku nzima ile mawazo yake yalibaki barabarani, akawa anakosea hatua kwenye kwata na wenzake wakawa wanarudia zoezi kwa ajili yake. Niliumia sana kulisikia hilo, kwa kuwa nilikuwa nimehama ili nimtie nguvu. Tangu siku hiyo sikusimama tena pale.

Jambo jingine ambalo wachumba wengi hatulifikirii ni habari zinapokwenda. Mchumba wangu aliandikisha wazazi wake kuwa ndugu wa karibu, jambo ambalo ni la haki kabisa, maana mimi bado sikuwa mke. Alipougua malaria na kulazwa siku nne, aliyejulishwa ni baba yake, na mimi niliyekuwa jirani na lango nilipata habari kutoka Mpwapwa, tena akiwa ameshapona. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chumba, jenga ukaribu wa kweli na mama mkwe wako mtarajiwa, umpigie simu mara kwa mara, umsalimie hata pasipo na jambo la kuuliza, kwa sababu katika miezi hiyo yeye ndiye atakayekuwa njia yako ya kujua hali ya mwenzako.

Kilichoniwezesha kubaki ni kazi. Makutupora ni eneo la zabibu, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo msimu wa mavuno nilipata vibarua vya kukata vichala kwa mkasi na kupanga kwenye kreti kuanzia alfajiri, kabla jua halijawa kali. Msimu ulipokwisha nilikaanga chapati na kuziuza asubuhi kando ya barabara ya kwenda Kondoa. Siku nilizokuwa na kazi zilipita; siku nilizokaa chumbani nikihesabu wiki zilinichosha kuliko kupiga jembe. Wewe una ufundi wa kushona, ambao unaweza kukulisha popote, na ndiyo maana nimeanza na habari ya cherehani.

Kuhusu wakati wa kuhama, maoni yangu ni kwamba usihame sasa. Subiri amalize mafunzo ya awali, kwa sababu baada ya hapo anaweza kubaki palepale kwenye shughuli za uzalishaji, lakini pia anaweza kupelekwa kambi nyingine kabisa, na kodi uliyokwisha kulipa haitamfuata. Fikiria pia kinachofuata baada ya mkataba. JKT hutamka wazi katika matangazo yake kwamba haitoi ajira, na wale wanaobahatika kuchukuliwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huanza upya mafunzo ya awali ya jeshi, ambayo kwa wengi hufanyika Kihangaiko, huko Msata mkoani Pwani. Iwapo hiyo ndiyo ndoto yake, zungumzeni mapema na wazee kuhusu tarehe ya ndoa, kwa kuwa matangazo ya JWTZ hutaka kijana ambaye hajaoa wala kuolewa, na haifai aanze utumishi kwa kuficha jambo kubwa kama hilo.

Kutoka Singida hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 240 za lami kupitia Manyoni na Bahi, safari ambayo mtu huimaliza kwa nusu siku. Fedha ambayo ungeitoa kwa kodi na dalali itakutosha kuja kila siku ya kutembelewa, pamoja na siku ya kufunga mafunzo, na bado ukabakiwa na mtaji wa vitambaa. Siku ya kufunga mafunzo njoo na mama mkwe wako, mlale mjini usiku wa kuamkia, mpande daladala mapema, mbebe maji na mwavuli wa jua, kwa maana gwaride huwa refu. Baada ya gwaride atakuja mwenyewe pale mlipokaa. Mwache amsalimie mama yake kwanza.