Kuhesabiwa Likoni na kwenu ni Taveta

Ndugu yangu ulouliza kwa nini kwenye sensa ulihesabiwa Likoni, huku Mombasa, na kwenu ni Taveta, sensa ya Kenya haiulizi kwenu ni wapi kwanza, inauliza usiku ule ulilala wapi. Ile ya 2019 usiku wenyewe ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, makarani wakaendelea kupita nyumba kwa nyumba na tableti zao mpaka tarehe 31 lakini swali ni lile lile, nani alilala hapa usiku ule, hata kama alikuwa mgeni wa siku moja. Waliolala hotelini, hospitali, jela, barabarani, wote wanaandikwa pale pale walipokuwa, ndo mtu asihesabiwe mara mbili.

Na usione ni mambo ya karatasi tu. Mombasa 2009 tulikuwa watu 939,370, 2019 tukafika 1,208,333, sasa hao laki mbili na zaidi waloongezeka wanakunywa maji, wanazaa, watoto wanataka madarasa, na pesa za kaunti zikigawanywa idadi ya watu ni kitu kikubwa kinachoangaliwa, mipaka ya maeneo bunge pia. Mimi huniuma sana nikisikia mtu kamfungia karani mlango ama kamficha mtoto mlemavu chumbani asiandikwe, maana kulikuwa na maswali ya ulemavu mle, na mtoto asoandikwa hapangiwi kitu.

Kwenu Taveta hawajakupoteza lakini, mahali ulipozaliwa pia huulizwa.