Nina miaka 24, mama hataki nipange chumba

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mtoto wa pekee, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nauza dukani kwa mtu Kariakoo mwaka wa pili sasa, lakini mama bado hunisindikiza kituoni asubuhi na jioni hunisubiri palepale. Mshahara unaingia kwenye laini aliyoisajili kwa jina lake. Sijawahi kupika wala kununua umeme. Nikigusia kupanga chumba, analia. Niondoke kimyakimya akiwa kanisani?
Binti wa Tabata

JIBU: Marahaba, binti. Usiondoke hivyo. Mama aliyezoea kukupokea kila jioni atazunguka polisi na hospitali akikutafuta, na hofu hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani. Kisheria huna kizuizi: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mwenye umri chini ya miaka 18. Unachokosa ni maandalizi ya miezi kama mitatu.

Anza na laini. Iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama inahesabika ni ya mama, hata kama pesa ni jasho lako. Sajili yako kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA) na alama zako za vidole, mwombe mwajiri apeleke mshahara huko, na mama umwambie siku hiyohiyo.

Wengi huanguka kwenye kodi. Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi 6: hiyo ni 480,000. Dalali naye huchukua ya mwezi mmoja, jumla 560,000. Ukishalipa unajiona umemaliza, miezi mitano inapita hujaweka kitu, wa sita unadaiwa 480,000 kwa mkupuo. Hapo ndipo watu hurudi kwao na godoro. Tangu mwezi wa kwanza weka 80,000 pembeni, isiguswe. Kabla ya kulipa, dai mkataba wa maandishi na uulize kama mita ya umeme (LUKU) ni yako peke yako au mnachangia.

Kupika jifunzie hapohapo kwa mama. Omba zamu ya chakula cha jioni. Ukinunua mtungi wa gesi wa kilo 6, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja: funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani hata siku ya baridi; hewa yake haina harufu na huua mtu usingizini.

Habari ya kuhama aisikie mbele ya mjomba au mama mdogo anayemsikiliza, tarehe ikiwa imeshapangwa. Mpeleke akakione chumba, hata pazia achague yeye. Mpe namba ya mwenye nyumba. Ufunguo usimpe, la sivyo utamkuta kila jioni anakufulia. Atalia; mbembeleze, lakini tarehe usiisogeze. Mwezi wa kwanza mpigie kila siku saa mbili usiku, na Jumapili ukale kwake.