Spreyi ya steroidi kwa mafua ya aleji: ncha ielekee wapi

Kuanzia Agosti, barabara za vumbi za pembezoni mwa Arusha na zile za tambarare chini ya Moshi zinapokauka, wanaokuja kaunta ya famasi wana malalamiko yanayofanana: chafya mfululizo kila asubuhi, kamasi jepesi kama maji, pua na kaakaa vinawasha, macho mekundu. Hawana homa, na hali hurudi kila msimu au kila wakifagia chumba. Hayo ni mafua ya aleji, na antibayotiki haiyasaidii. Oktoba mjakaranda ukichanua, Arusha nzima inausingizia, ilhali chavua yake ni nzito na hubebwa zaidi na wadudu. Chavua ya nyasi inayopeperushwa na upepo, vumbi la nyumbani na manyoya ya paka ndivyo vya kutilia shaka kwanza.

Dawa inayosaidia zaidi pua inayoziba kwa aleji ni spreyi ya steroidi: fluticasone, mometasone, budesonide au beclometasone. Hata hivyo tunasikia mara kwa mara, "Dokta, hii dawa ni maji tu." Jibu letu ni moja: "Mama, hebu nioneshe unavyopuliza." Mara nyingi tatizo huonekana hapo hapo. Kichwa kimeinuliwa juu, ncha imesimama wima au imeelekea katikati ya pua, kisha anavuta kwa nguvu mpaka dawa inashuka kooni na anaimeza. Puani imebaki kidogo sana.

Fanya hivi. Penga kamasi taratibu, tundu moja baada ya jingine. Tikisa kichupa. Kikiwa kipya, pampu hewani mpaka utoke ukungu laini. Fluticasone huhitaji kama mara 6, mometasone mara 10. Kikikaa wiki nzima bila kutumika, pampu tena mpaka ukungu urudi. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesoma gazeti lililo mezani. Sasa badilisha mikono: mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, mkono wa kushoto tundu la kulia. Mkono ukipita mbele ya uso hivyo, ncha yenyewe inaelekea nje, upande wa sikio. Ingiza ncha kidogo tu, iegemee ukuta wa nje wa pua, bonyeza mara moja huku ukivuta hewa polepole, kama unayenusa ua. Toa pumzi kwa mdomo. Rudia upande wa pili. Usipenge kwa dakika 15 zinazofuata.

Tunasisitiza upande wa nje kwa sababu vinyama vinavyovimba na kuziba pua viko pembeni, na dawa inatakiwa itue huko. Ukuta wa kati ni gegedu lililofunikwa na ngozi nyembamba yenye mishipa mingi midogo ya damu. Ukipulizia hapo kila siku, ngozi inakauka, inachubuka na kuanza kutoa damu. Kwa nadra sana gegedu hutoboka. Asubuhi za baridi kavu za Arusha huongeza ukavu huo. Ukiona damu kwenye kitambaa, acha spreyi upande ule kwa siku kadhaa, kisha anza tena ukiwa umerekebisha mkono. Damu ikitiririka, kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Usiinamishe kichwa nyuma, damu itaingia kooni. Isipokata, au ikirudi rudi, nenda hospitali.

Kosa la pili ni kuitumia siku za shida tu. Steroidi hutuliza uvimbe taratibu. Nafuu ya kwanza inaweza kuonekana ndani ya nusu siku, lakini nguvu kamili huja baada ya siku kadhaa, kwa wengine wiki mbili. Mtu akiipuliza Jumatatu na kuiacha Jumatano, hajaijaribu. Itumie kila siku, saa ile ile. Kuiweka karibu na mswaki husaidia sana. Kama unajua msimu wako, anza wiki mbili kabla vumbi halijapamba moto.

Kwa mtu mzima, fluticasone propionate au mometasone ya mikrogramu 50 huanza na mipulizo 2 kila tundu mara moja kwa siku, jumla mikrogramu 200. Hali ikitulia, shuka hadi mpulizo 1 kila tundu. Beclometasone ya mikrogramu 50 ni mipulizo 2 kila tundu asubuhi na jioni, isizidi 8 kwa siku. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 hutumia fluticasone mpulizo 1 kila tundu kwa siku, kwa ushauri wa daktari, na urefu wake upimwe kila baada ya miezi kadhaa, maana steroidi inaweza kupunguza kidogo kasi ya kukua. Akiwa pia anatumia inhela ya steroidi ya pumu, mwambie daktari azihesabu zote mbili. Ukisahau dozi, usipulize mara mbili kufidia.

Neno "steroidi" huwatisha watu, na tunaelewa, kwa kuwa wameona nyuso zilizovimba kwa vidonge vilivyonywewa miezi. Kidonge kimoja cha prednisolone cha mg 5 kina mikrogramu 5,000. Nguvu za dawa hizi hazilinganishwi kwa uzito peke yake, lakini katika fluticasone na mometasone inayofika kwenye damu kutoka puani ni chini ya asilimia 2. Kinachotutia hofu sisi ni sindano na vidonge vya steroidi vinavyoombwa "kwa ajili ya aleji" kila msimu. Hivyo ndivyo hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Lipo jambo moja ambalo lazima mfamasia alijue kabla hujalipa. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za ARV, huzuia ini kuvunja fluticasone, budesonide na mometasone. Steroidi hujikusanya mwilini, uso unavimba, na tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili zinalala. Huhitaji kulisema mbele ya foleni. Mwombe mfamasia mzungumze pembeni, au mwandikie jina la dawa kwenye karatasi. Beclometasone huwa chaguo salama zaidi kwako. Usiache ARV. Wanaotumia dolutegravir bila ritonavir hawana shida hii. Mwambie pia kama una presha ya macho, mtoto wa jicho, kifua kikuu, umefanyiwa upasuaji wa pua karibuni, au una mimba. Kwa wajawazito budesonide ndiyo hutumika zaidi.

Usidhani spreyi ya steroidi ni sawa na matone ya kuzibua pua, xylometazoline au oxymetazoline. Hayo huzibua ndani ya dakika chache, ndiyo maana hupendwa. Yakipita siku 5 hadi 7, pua huziba zaidi kila yanapoisha nguvu, na mtu anajikuta na kichupa mfukoni mwaka mzima. Ukiwa umeshafika huko, spreyi ya steroidi ya kila siku hukusaidia kuyaacha, tundu moja kwanza, kisha la pili.

Kuosha pua kwa maji chumvi kabla ya spreyi husaidia, hasa kwa dereva wa bodaboda na anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya mililita 240, yaliyochemshwa kisha yakapoa. Maji ya bomba au ya mfereji yasiyochemshwa yasiingie puani. Subiri kama dakika 10 ndipo upulize dawa.

Muone daktari wa masikio, pua na koo, kwa mfano pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, ikiwa pua imeziba upande mmoja tu, unatoa kamasi lenye damu, hunusi kabisa, au wiki 4 za matumizi sahihi hazijaleta nafuu. Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu tundu moja huenda ana shanga au punje ya mahindi ndani. Kifua kikibana au kikipiga filimbi, spreyi ya pua haitibu hilo.

Kuhusu kichupa: pangusa ncha kila mara, osha kifuniko na ncha kwa maji ya vuguvugu kila wiki, vikauke. Ikiziba usiichokoe kwa pini, tundu litapanuka na kipimo kitaharibika. Kila mtu awe na chake. Kichupa cha mipulizo 120 huisha kwa mwezi ukitumia 4 kwa siku, kwa hiyo andika tarehe ya kukifungua kwa kalamu ubavuni. Hesabu ikitimia kitupe hata kama bado kinacheza ndani, kwa kuwa mipulizo ya mwisho haina tena kipimo kamili.