Moyo ulinienda mbio Kitonga, vipimo vikasema sina tatizo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nauza vitenge Iringa mjini, na kila mwezi nilikuwa nafuata mzigo Kariakoo. Siku moja basi likishuka mteremko mkali wa Kitonga moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakata, nikajua nakufa. Imenirudia mara tatu, mojawapo nikiwa kanisani. Hospitali wamepima ECG (umeme wa moyo), presha na sukari, wanasema sina tatizo. Basi sipandi tena, mzigo naagiza kwa simu. Duka la dawa walinipa diazepamu, siku mbaya nameza natulia. Moyo mzima unawezaje kufanya vile? Na dawa hizi nitameza hadi lini?

JIBU: Marahaba dada, kamwene. Wamekupa nusu ya jibu. Moyo wako uko salama, lakini tatizo unalo: maelezo yako ni ya mashambulio ya hofu, na yanatibika.

Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo mfano wa lozi, amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari, na haisubiri ushahidi. Ikishtuka, ujumbe unapita kwenye neva hadi tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili, ndani ya sekunde chache. Moyo unaongeza kasi, damu inakwenda kwenye misuli ili ukimbie. Homoni ya kotisoli inafuata dakika kadhaa baadaye. Ungekuwa unakimbizwa na nyati, hata usingeyaona hayo. Wewe ulikuwa kiti cha dirishani, huna pa kukimbilia, ukabaki kuusikiliza moyo.

Ganzi nayo haikutoka moyoni. Ukihema haraka haraka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, asidi ya damu inapungua, mishipa ya damu ya ubongo inajibana. Kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Unahisi huna hewa, kumbe oksijeni ipo tele. Kliniki, asiye na pumu, kifafa, mimba wala ugonjwa wa moyo huwa namwambia ahemee juu juu kwa nusu dakika. Wengi wananitolea macho: “Ndiyo yenyewe hii, daktari!” Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe.

Kinachonitia shaka zaidi ni huo mzigo wa simu. Kila safari unayoiahirisha, ubongo unaandika: tumepona kwa sababu hatukwenda. Hapa Mbeya ninao wanaozunguka mbali kuukwepa mteremko wa Iwambi. Dawa yake ni kurudi kidogo kidogo, ikiwezekana ukiongozwa na mwanasaikolojia. Kaa ndani ya basi stendi. Nenda Ilula urudi, mara nne, mara tano, mpaka ikuchoshe. Kisha shuka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, nunua vitunguu, panda gari urudi. Hofu ikipanda usishuke njiani. Ngoja ishuke yenyewe ukiwa kitini.

Diazepamu inatuliza upesi, sikatai, lakini mwili unaizoea ndani ya wiki chache, na ubongo unaamini kidonge ndicho kilichokuokoa. Kama umekuwa ukimeza kila siku kwa wiki kadhaa usiache ghafla, unaweza kupata degedege. Daktari atakupunguzia taratibu. Dawa ya hofu tunayoitegemea zaidi ni sertralini au fluoksetini, kwa cheti cha daktari. Huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi, na siku za kwanza unaweza kujisikia na wasiwasi zaidi, wengi ndipo wanapoitupa. Ukipata nafuu, unaendelea nayo miezi 6 hadi 12.

Kahawa nayo ipunguze, pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu. (Nasema hivi nikiwa na kikombe cha kahawa ya Mbozi mezani, lakini moyo wangu hauna ugomvi nayo.) Na kabla ya yote hayo, omba kipimo cha tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, na cha wingi wa damu. Sijaviona kwenye orodha yako, na kasoro ya kimojawapo inaweza kuuendesha moyo mbio vilevile.